Nilimwita Mtani Wangu Mwizi Getini pa Jumba la Kale

Ndugu zangu, msinionee huruma. Mwanaume wa watu amepoteza jicho kwa sababu ya mdomo wangu, na mimi sikumgusa hata kwa kidole. Mbaya ni mimi. Nimelibeba hili tangu likizo ya Juni na limenishinda, acha nilimwage.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Temeke. Likizo ile nilimkaba mume wangu, kila mwaka tunakaa ndani kuangalia tivii, safari hii tutoke! Tukaenda mbele ya Bunju, kuna jumba moja la kale limegeuzwa makumbusho, lina bustani kubwa yenye mabenchi. Getini unaandika jina kwenye kitabu cha wageni, halafu unapewa mtu wa kukutembeza.

Tukapewa Kihwele. Mwanaume wa makamo, mcheshi, shati la kazi limepigwa pasi vizuri. Alipousoma ubini wangu kitabuni aliruka juu.

"Mngoni! Kumbe leo nimeletewa mateka!"

Yeye Mhehe, mimi Mngoni. Asiyeujua utani wetu nimweleze: mababu zetu walipigana vita, vikaisha, na tangu hapo tunatukanana bila kununiana. Mtani anaweza hata kubeba kitu chako mbele ya macho yako, na wewe unatakiwa ucheke, ukikomboe kwa soda. Nimekua nikimwona baba yangu akifanyiwa hivyo misibani.

Basi tulichapana maneno chumba kwa chumba. Tulipofika kwenye mikuki iliyotundikwa ukutani akasema, "Hii ndo tuliwakimbizia nyie mpaka Songea."

"Hiyo mliidondosha mkikimbia," nikamjibu, "sie tukawaokotea."

Mume wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Siku nyingi nilikuwa sijafurahi vile.

Tulipotoka bustanini niliweka mkoba kwenye benchi ili nifunge kiatu. Kihwele akaunyakua!

"Nyara za vita! Mngoni, komboa kwa soda baridi!" Akatimka nao, akazunguka maua, akaelekea getini huku anacheka kama mtoto.

Nami nikamkimbiza. Nikapaza sauti, ile ninayotumia mstarini asubuhi wanafunzi wakipiga kelele: "Mwizi! Mwizi huyo! Mkamateni, Mhehe kaniibia!"

Jamani, nilikuwa natania! Nilikuwa nacheka! Lakini nje ya geti kuna kijiwe cha bodaboda, na wao waliona kitu kimoja tu: mwanaume anakimbia na mkoba wa kike, na mwanamke yuko nyuma anapiga kelele.

Wa kwanza alimpiga kwa helmeti usoni. Nilisikia mfupa ukivunjika. Kihwele akakaa chini, bado anatabasamu, hajaelewa, damu inamtoka puani inaingia kwenye meno. Wa pili akavua mkanda. Wakaja wengine na mawe. Hata wageni wenzetu wa makumbusho, watu wamevaa vizuri, wamekuja na familia zao, nao wakakimbilia kupiga mateke. Akawa ananiita, "Mtani! Waambie, mtani!"

Nikajipenyeza, nikamshika mmoja shati. "Mwacheni! Ni utani, ni mtani wangu!"

Akageuka, anahema, jiwe liko mkononi.

"Sista, unatuchezea? Umetuita mwenyewe, umesema mwizi. Sa'hizi siyo mwizi? Kama siyo mwizi basi tunaanza na wewe. Jibu! Huyu mwizi, siyo mwizi?"

Wakanigeukia wote. Kihwele alinitazama kutoka pale chini, na macho yake yote mawili yalikuwa bado yanaona.

Nikaliangalia lile jiwe. Nikasema, "Mwizi."

Hilo ndilo kosa langu! La kwanza lilinitoka kwa furaha, sikufikiri. Hili la pili nililisema nikiwa na akili zangu timamu, ili nisiguswe mimi.

Mmoja alikimbilia bustanini akarudi na beleshi. Lilishuka mara tatu. Mara ya kwanza liliupata mkono aliojikingia, nikaona mfupa mweupe. Ya pili begani. Ya tatu usoni. Alikuwa analia kwa Kihehe, anamwita mama yake. Mume wangu ndiye aliyemlalia juu kumfunika, akapigwa na yeye mgongoni, mpaka mlinzi wa makumbusho alipofyatua risasi hewani ndipo wakatawanyika. Mkoba wangu ulikuwa pembeni, haujachanika hata uzi.

Polisi walipochukua maelezo nikarudia lilelile. Niliogopa kufungwa, niliogopa kupoteza kazi. Kihwele akalazwa hospitali akiwa na pingu kitandani! Baada ya wiki mbili dhamiri ikanisuta, nikaenda kituoni kufuta kesi. Mnajua nilisemaje? "Nimemsamehe." Nilimsamehe mtu niliyemwonea! Na askari akanisifu kwamba nina moyo mzuri.

Kazini walishamfukuza. Jicho la kushoto halipo. Vidole vya mkono wa kulia havikunji. Mume wangu amehamia kulala sebuleni. Nilipomuuliza mpaka lini, akasema, "Siku watu wakikubana, mie utanisema nini?"

Mwezi uliopita nilimfuata Vingunguti, anakokaa kwa dada yake. Nilibeba mchele na sukari, nikapiga magoti mlangoni. Nilitaka anitukane, hata anizabe kofi.

"Karibu, mwalimu," akasema. Akaagiza niletewe kiti. Hakunitania hata neno moja! Nililia kuliko ambavyo ningelia kwa kupigwa.

Akaningoja nimalize. "Mchele rudi nao. Mie nataka kitu kimoja. Nenda pale getini, simama mbele ya bosi wangu na wale wa bodaboda, taja jina lako, useme Kihwele hakuiba. Wanangu wamebaki Bunju, shuleni wanaitwa watoto wa mwizi."

Nikamwahidi. Nimeshafika pale mara mbili. Mara zote mbili nimewaona wale vijana wamekaa kwenye pikipiki zao, nikageuza. Ndiyo maana naandika hapa bila jina, na najua kabisa kuandika bila jina hakumsaidii Kihwele wala wanawe. Mwoga mimi!

Nyie mnaonisoma, msimwite mtu mwizi hata kwa mzaha, hata mkiwa mnacheka vipi. Na kama limeshakutoka na watu wakakugeukia kukuuliza, sema kweli palepale, hata kama mawe yatakuja kwako. Iseme wakati mwenzio bado ana macho mawili.