Gunia la Mahindi Kwenye Kiti cha Mama Mkwe

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Aprili. Mvua ilianza alfajiri kwa manyunyu, ikaacha, ikaanza tena kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Milima ya hapa juu ya Bigwa haikuonekana mpaka saa nne, na hata ilipoonekana ilikuwa nusu.

Leo ndiyo tumempelekea mama mkwe gari alikague. Nitaandika kwa haki kadiri ninavyoweza, ingawa niliishia darasa la saba na huenda mwingine angeeleza vizuri zaidi.

Habari yenyewe ni hii. Mama mkwe anaishi peke yake mlimani, juu ya Mkuyuni, kwenye shamba la ukoo wao. Ana presha, na kila mwezi lazima ashuke kliniki mjini. Zamani alipanda bodaboda, lakini magoti yamegoma, hawezi tena kuutupa mguu upande wa pili wa pikipiki. Basi kaka yake anayekaa Dumila, yaani mjomba wa mke wangu, akatoa tamko: masika yakiisha bila kupatikana usafiri wa uhakika, anakuja kumchukua akae kwake. Kwa Waluguru neno la mjomba si la kuchezea. Mimi ni mume tu, na kwenye vikao vya ukoo wao mume ana sauti kama ya kiti.

Mama mkwe hataki Dumila. Anasema kule ni joto, malori yanapiga honi usiku kucha, na nyanya zake atazimwagilia nani. Wakimtoa mlimani, anasema, waje na jeneza kabisa, wasihangaike mara mbili.

Mimi nina mashine ya kusaga. Umeme ninao, petroli ndiyo ingenishinda. Pale Msamvu dalali mmoja alikuwa na magari mawili madogo ya umeme, yote yametumika, bei zake zinakaribiana, na kwa kujibana tungemudu mojawapo. Moja jeupe, la mviringo, milango miwili. Mke wangu akaliita Yai. La pili la kijani, limesimama wima, milango minne, halijali kumpendeza mtu. Hilo akaliita Kabati.

Kabati lina sifa zake na nisingependa lionewe. Viti vyake safi, na buti lake linameza magunia. Yai lina betri kubwa zaidi, ila ukikaa nyuma magoti yanakugusa kidevu. Dalali alisema yote mawili yatapanda mlima. Nikamwambia tutayapima: kilima kilekile, dereva mmoja, mzigo mmoja. Na mzigo uwe na uzito wa mama mkwe.

Hapo pakawa na kazi. Mkwe hawezi kumuuliza mama mkwe uzito wake, hata kama ana mizani mashineni. Nikamuuliza mke wangu.

"Mama ana kilo ngapi?"

"Kwani unataka kumsaga?"

Tukakubaliana gunia la mahindi lisilojaa sana. Nikaliweka kiti cha mbele na kulifunga mkanda. Dalali akakaa nyuma. Naye nilimpima, asije akala ugali mzito kabla ya gari la pili akaharibu matokeo. Alilalamika kwamba ameuza magari maisha yake yote na hajawahi kupimwa kama pumba.

Kabati lilikwenda vizuri mpaka kona ya mwisho kabla ya kufika kwa mama, ile yenye udongo mwekundu. Hapo likapunguza mwendo, likasimama, likaanza kurudi nyuma taratibu, kwa adabu. Dalali akashuka kusukuma na suruali yake nyeupe. Nikasema huenda ni tope tu. Wiki iliyofuata, mvua ikiwa imenyesha vilevile, nikalirudisha. Likasimama palepale. Yai lilipanda siku zote mbili bila neno. Tena dalali alikuwa amesema kwamba kwenye mteremko betri inajijaza yenyewe, nikamwona mwongo. Tulipofika chini, alama ya chaji ilikuwa imepanda kidogo kweli. Nilimwomba radhi. Akasema hata yeye hakuwa na uhakika.

Basi nikachagua Yai. Nilijiona mwenye akili, jambo ambalo huwa linanipa wasiwasi.

Leo dalali alituruhusu kwenda nalo, mama alione kabla hatujalipa. Tulimkuta mlangoni, amevaa kanga za kwendea kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe." Akatazama pembeni, maana mkwe na mama mkwe hawakodoleani macho. Siku hizi wapo walioacha, yeye hajaacha. Tangu nimuoe binti yake hatujawahi kukaa mkeka mmoja.

Akalizunguka Yai. Akaligonga paa kama anayechagua tikiti. "Dogo, lakini limefika," akasema. "Sasa mimi nakaa wapi?"

Nikamwonyesha kiti cha mbele, pale lilipokaa gunia.

Akamgeukia mke wangu. "Mwambie mumeo, yaani mimi nikae bega kwa bega na mkwe kutoka hapa mpaka mjini? Tukipita Mkuyuni siku ya gulio watu wanitazame? Akibadilisha gia ananigusa goti."

"Halina gia, mama," nikasema.

"Mwambie sikuuliza gia."

Mke wangu akakunja kiti cha mbele ili mama apite nyuma. Mama akaingiza kichwa, akakitoa. Akaingiza mguu, goti likakataa. Akajaribu kutanguliza makalio. Mimi nikageukia migomba, maana hapo mkwe hana msaada wala ruhusa ya kuangalia. Nikasikia tu mke wangu anasema, "Inama, mama," na mama anajibu, "Nimeinama tangu mwaka jana."

Haikuwezekana. Nikiwa bado naitazama migomba, nikaona ujinga wangu wote. Nilipima kilima, nikapima tope, nikampima na dalali. Gunia nililiweka mbele kwa kuwa gunia halioni aibu. Kwenye Kabati, lenye milango yake minne, mama angeingia nyuma kama askofu, lakini Kabati linaishia konani, na kutoka konani kuja kwake ni mpando ambao magoti yale hayauwezi.

Mama akakaa kwenye kigoda. Safari hii hakumtuma mtu, alisema mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Basi. Nyanya nitampa jirani."

Mvua ikarudi kidogo.

"Mama," mke wangu akasema, "na nikiendesha mimi?"

"Unajua?"

"Halina gia wala klachi. Unakanyaga, unaachia. Hata yeye anaweza."

Yeye ndiye mimi.

Karibu na pale kuna uwanja wa mpira wa kigango, kanisa dogo la kijijini, hauna mtu siku ya Jumamosi. Nikalishusha gari hadi uwanjani, nao wakaja nyuma polepole, mama ameshika bega la binti yake. Mke wangu akashika usukani. Mama akaingia mbele kwa mlango mpana, akakaa, akafunga mkanda. Mimi nikakunjwa nyuma pamoja na mkungu wa ndizi tuliopewa. Tukaanza kuzunguka. Mzunguko wa kwanza tulikaribia sana nguzo ya goli, ingawa lazima niseme nguzo ile haikusimama wima. Mzunguko wa pili ulikuwa mzuri. Wa tatu mama alishusha kioo na kupunga mkono, sijui kwa nani.

"Mwambie mumeo asinisukume mgongo na magoti yake."

"Amesikia, mama."

Akatoa simu, tukiwa bado tunazunguka, akampigia kaka yake Dumila. "Kaka, kile chumba mpangishe mtu," akasema. "Hapana, haendeshi mkwe. Mkwe anakaa nyuma na ndizi."

Mke wangu hana leseni, kwa hiyo kurudi niliendesha mimi, na Jumatatu anaanza shule ya udereva. Sijui kama leseni itatoka kabla masika hayajaisha. Sijui pia kwa nini nilinyamaza njia nzima. Nadhani nilitaka kuwa mimi ninayemshusha mama kliniki, watu waone. Kila kona mke wangu alikuwa anakanyaga breki ambayo upande wake haipo, na mara mbili alikuwa sahihi. Tulipofika nikampigia dalali kwamba tunachukua Yai. Akauliza kama gunia limekubali.

Jioni tulikula magimbi aliyotupa mama, na maharage ya jana. Nilipika mimi, maana mwenzangu alikuwa anasoma alama za barabarani kwenye simu. Chumvi ilizidi. Magimbi yenyewe hayakuwa na kosa.