Kijiti cha Mkono wa Kushoto

Baba alipohamia kwangu Korogwe baada ya mama kufariki, alikuja na begi moja na kimya chake. Mimi, bintiye, nafundisha fizikia sekondari, naishi peke yangu, na starehe yangu ni moja tu: mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Nikirudi kazini saa kumi naweka madaftari pembeni, nawasha mashine, naondoka Tanga na kindege cha injini moja nikikiongoza kwa vitufe vya kibodi. Wenzangu shuleni wananicheka. Sijali, na nimeshawaambia hivyo.

Sikutegemea kwamba baba angeupenda mchezo huo. Kumbe ujanani, alipotoka Handeni kuja Ngombezi kutafuta kazi ya mkonge, kibarua chake cha kwanza kilikuwa kufyeka nyasi kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha shamba, na kuwafukuza mbuzi meneja alipokaribia kutua. Tangu aliponisimulia hayo akawa anavuta kiti na kukaa nyuma yangu mpaka adhana ya magharibi. Mtu aliyekuwa hamalizi sentensi mbili kwa siku akaanza kuniuliza mbona natua kwa kubamiza.

Lazima niseme habari ya mkono wake. Baadaye walimhamishia kiwandani, kwenye korona, ile mashine inayokwangua jani la mkonge hadi zibaki singa. Nilikuwa darasa la tatu ilipomchukua mkono wa kulia mpaka juu ya kifundo. Kidonda kilipona, yeye hakupona. Kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, haumsalimii mtu, wala hauingii kwenye sinia la watu, na baba alikuwa mwenye adabu kuliko wote niwajuao. Akaacha kwenda harusini. Msibani alikaa nyuma kabisa, kigutu kikiwa ndani ya mkono wa kanzu, na ule mzima ameukalia. Mama akatufundisha tusimkabidhi kitu mbele za watu. Tukiweke mezani tuondoke, akichukue kwa wakati wake. Tulifanya hivyo miaka yote, tukaiita heshima.

Mwaka jana nikaamua kuachana na kile kindege, ninunue ndege kubwa ya abiria. Mchezo wenyewe unakuja na ndege zake, lakini zile zinazofuata kila swichi ya ndege halisi hutengenezwa na watu wengine, nawe unazinunua kando na kuzipakua. Baada ya kusoma sana maoni ya watu zikabaki mbili. Moja inaongozwa kwa usukani ulio mbele ya rubani. Nyingine haina usukani. Ina kijiti pembeni mwa kiti, na kompyuta yake humzuia anayejifunza asiipindue. Hiyo ya pili ndiyo niliyoitaka, na isingeielemea mashine yangu kuukuu.

Tuliitazama video yake pamoja. Nahodha hukaa kushoto, kwa hiyo kijiti chake kiko kushoto. Msaidizi hukaa kulia, na chake kiko kulia. Baba akaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaniuliza yule mkubwa wao anaongozea mkono gani.

"Wowote tu, baba," nikasema. Nilidanganya, tena haraka, kama mtu aliyezoea.

Siku ileile nikainunua ndege hiyo, nikaagiza na kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta. Duka la Dar lilikuwa na aina mbili: kimoja kimefinyangwa kwa kiganja cha kulia, kina vitufe kila mahali, kingine kimenyooka, cha kawaida, mkono wowote unakishika. Nikachagua cha kwanza. Nilijiambia nitakaa kiti cha msaidizi, habari za kushoto zisizuke nyumbani mwangu. Niliona nimemsitiri mzee.

Mzigo ukaja kwa basi. Nikakifunga kijiti upande wa kulia wa meza. Baba alikitazama kwa muda mrefu, akifuata kwa macho mahali pa kulaza vidole. Kisha akasema taratibu, bila hasira:

"Mama, hiki umekinunulia mkono ambao sina."

Nikaanza kujieleza, kwamba ni changu, kwamba sikujua kama angependa kurusha. Akanisubiri nimalize.

"Nilimwona yule nahodha. Amewabeba watu wote wale kwa kushoto, na wewe ukanificha. Mimi naficha kwa aibu yangu. Wewe unaficha kwa aibu ya nani?"

Mimi ninayewafokea wanafunzi wanaoandika jibu bila kuonyesha njia, nilianza kukifungua kijiti kwa bisibisi bila kuonyesha yangu. Aibu ilikuwa yangu. Nimeona aibu kwa sababu ya baba yangu tangu nikiwa mtoto, na nimeifunika kwa adabu hata mwenyewe nisiione.

Kesho yake nikampigia simu mwenye duka. Alinung'unika, lakini akakubali kubadilisha. Kile kilichonyooka kilipofika sikukiweka mezani. Nilimpa baba mkononi, naye akakipokea.

Alianguka sana. Alianguka Kilimanjaro, akaanguka Dodoma, akatua baharini mara mbili na kulaumu ukungu. Mimi nilikaa kulia kwake nikishughulikia nguvu za injini na magurudumu, kazi zinazotaka mkono wa pili. Kidogo kidogo akaizoea ndege.

Jumamosi moja alasiri alikuwa anaishusha Dar es Salaam, uwanja umeshaonekana, jirani yetu mzee wa msikitini alipopiga hodi na kuingia. Mzee huyo hakuwahi kuuona mkono wa kushoto wa baba ukifanya kazi tangu baba ahamie. Niliona bega la baba likishtuka, nikajua atakachofanya, maana nimekiona maisha yangu yote. Nikanyoosha mkono nikichukue kijiti.

"Acha," akaniambia. Kisha, bila kugeuka: "Karibu, mzee mwenzangu. Keti unisubiri kidogo, nashusha watu."

Mzee akaketi. Tukautazama ule mkono, yeye na mimi, mpaka magurudumu yalipogusa lami.