Nilijifanya fundi wa pikipiki mbele ya baba mkwe, cheni ikanikana Kware

Wakuu, habari zenu. Hii ni yangu mwenyewe, sikuisikia kwa jirani, na sitaruka hata zile sehemu za aibu.

Nakaa mtaa wa Pipeline na mpenzi wangu Eunice, mwaka wa tatu sasa, bila baraka za kwao. Baba yake ni fundi mstaafu wa reli, yuko Kakamega. Alituma ujumbe kwamba atakuja anione kwa macho yake, ndipo aamue kama atawapokea wazee wangu kwa mazungumzo ya posa.

Eunice, kunisaidia, alikuwa amemwambia mimi ni fundi wa pikipiki.

Ukweli ni kwamba nauza kava za simu. Kitu pekee nimewahi kutengeneza ni rimoti, na shida ilikuwa betri.

Sasa pikipiki yangu cheni ilikuwa imelegea, inapiga kelele njia nzima. Nikaona mzee wa reli akisikia hiyo kelele nimekwisha. Fundi wa hapo kona aliniambia nimletee, ni kazi ya dakika kumi. Nikakataa. Fundi gani anapeleka pikipiki kwa fundi?

Jumamosi asubuhi nikaiingiza kwenye korido ya ploti tulikopanga, nikaiweka kwa stendi kubwa, nikalegeza nati ya gurudumu la nyuma, nikaanza kukaza cheni. Nilikaza mpaka ikanyooka kama kamba mpya ya kuanika nguo. Majirani wakipita na mitungi ya maji wananisifu. Nilijisikia sana, wakuu.

Mchana nikaenda stage ya mabasi kumpokea mzee.

Mzee ana mwili. Na alikuja na mkungu wa ndizi na jogoo. Akapanda nyuma, mkungu mapajani, jogoo kwapani, pikipiki ikadidimia.

Hapo ikaanza kutoa mlio mwembamba ambao sijawahi kuusikia. Mzee akauliza ni nini hicho. Nikamwambia injini za kisasa ndivyo zilivyo.

Kufika mtaa wa Kware, shimo la kwanza tu, cheni ikakatika. Navuta mafuta, injini inanguruma, pikipiki haiendi popote. Watu wakaanza kukusanyika. Nikachuchumaa nikaitazama cheni kwa sura ya mtaalamu, na sikujua hata pa kuanzia.

Mzee akanipa jogoo nimshike.

Akavua koti, akainama, akagusa pale nilipokaza.

"Wewe kijana, ulipima hii cheni pikipiki ikiwa tupu?"

"Ndio, baba."

"Kwani huwa unabebanga hewa?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Akanieleza polepole: mtu akipanda, nyuma inashuka na cheni inavutika, kwa hivyo lazima uiachie nafasi. Akaagiza kiungo kipya duka la spea lililokuwa hapo karibu, akakipachika mwenyewe, akaniamuru nikae juu na ndizi na jogoo wakati anarekebisha.

Nikiwa juu pale, nimekumbatia jogoo, uongo ukanishinda.

"Baba, mimi si fundi. Nauza kava za simu."

Hakuinua kichwa.

"Hiyo nilijua tangu uniambie injini inalia hivyo. Nilikuwa nangoja kuona kama utasema."

Akamaliza kukaza nati, akajifuta mikono, akavaa koti lake.

"Waambie wazee wenu waje. Na siku hiyo wasinidanganye."

Wakuu, nililia kidogo. Nikasema ni vumbi.

Somo: cheni ipime mtu akiwa amekaa juu, ichezecheze kiasi cha vidole viwili hivi. Na kama kazi huijui, sema mapema, kabla mkwe wako hajapiga magoti barabarani akikufanyia.

Mlio na wakwe, nyinyi walikushikeni na uongo gani? Andikeni hapa, maana sasa hivi mjinga ni mimi peke yangu.