Kukamua Blanketi ni Kazi ya Wawili

Wanafunzi walimwita Mama Pole, na wala si kwa heshima. Ukijikwaa, pole. Ukifeli mtihani, pole. Ukinyang'anywa simu na mwalimu wa nidhamu, pole sana mwanangu, na simu hurudishiwi. Mimi nimekaa naye meza moja chumba cha walimu miaka na miaka, kwa hiyo mtu asinisimulie habari zake. Alikuwa mfupi, sauti ya chini, mwendo wa kuihurumia ardhi, na mbishi kuliko binadamu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Alifundisha upishi na ushonaji. Kazi ya ushauri nasaha alitupiwa tu: siku ya kikao walimu wote tuliinamisha vichwa, yeye akachelewa kuinamisha chake. Akapelekwa mafunzo, akarudi na bango moja lililoandikwa "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Akapewa na chumba, stoo ya zamani ya mipira, mkabala na ofisi ya nidhamu. Jamani! Nani ataingia kusema ya moyoni huku mwalimu wa nidhamu anamchungulia dirishani? Ukiingia mle, kabla hujatoka, bweni zima limeshajua una wazimu au una mimba. Muhula mzima alikaa mle peke yake akidarizi vitambaa. Mumewe, dereva wa lori, akawa anamtania: "Mke wangu, hao wakikukataa nishauri mimi basi, matatizo ninayo tele."

Ndipo akaja na wazo la washauri rika. Mtoto asipomwendea mtu mzima, alisema, atamwendea mwenzake. Akachagua wasichana wachache wenye utu, akawafundisha kusikiliza, kutunza siri, na kujua lini jambo limewazidi kimo ili walilete kwake. Mpaka hapo, sawa. Halafu, kwa mapenzi yake, akawashonea beji. Za njano, kila moja kwa mkono wake, zimeandikwa "Mshauri" kwa uzi mwekundu. Alinionyesha, nikamsifia, na kweli zilikuwa zimependeza.

Lakini shuleni kwetu mvaa beji ni kiranja, na kazi ya kiranja ni kuandika majina ya wakosaji. Basi beji ya njano ikitokea mlangoni mwa bweni, watu wote wanashikwa na usingizi wa ghafla. Aliyekuwa analia, utamkuta anacheka.

Aliyemwambia ukweli ni mmoja wa washauri hao, msichana wa darasa langu, kidato cha tatu. Tulimwita Bibi, maana alizungumza polepole na kutembea polepole zaidi. Alikuja chumba cha walimu akaivua beji, akaiweka mezani.

"Samahani, mwalimu. Hii inatufukuzia watu. Wanadhani tunawaandika."

Mama Pole uso ulimshuka. Aliumia, nisiwadanganye. Kisha akauliza, "Na nyinyi wenyewe, mkiwa na la moyoni mnaambiana wapi?"

"Kambani, mwalimu, Jumamosi tukifua. Blanketi hulikamui peke yako. Mmoja anashika huku, mmoja kule, mnasokota. Macho yenu yako kwenye blanketi, hakuna anayemtazama mwenzake. Hapo ndipo mtu anasema."

Jioni ile ile alizikusanya beji zote. Nikamwambia aache angalau moja ya kumbukumbu, akaniambia nimpishe, ana kazi. Tangu hapo sheria ya washauri rika ikawa moja tu: usiulize, shika upande wako, kamua.

Sasa, darasani kwangu kulikuwa na msichana mwingine, golikipa wa timu ya shule. Likizoni alifiwa na mama yake. Aliporudi akawa hasemi na mtu, na kipindi cha kwanza haonekani, siku nenda siku rudi. Ukimuuliza, anatazama sakafu. Alifyekeshwa nyasi, akachotishwa maji, wapi! Mkuu wa shule, mtu wa kunyoosha kila kitu kwa rula, akaniita kama mwalimu wa darasa: "Jumatatu aondoke. Asiyetaka shule hatumlazimishi." Na kwao alikuwa amebaki baba mdogo tu, ambaye alishasema wazi kwamba binti akirudishwa nyumbani, atatafutiwa kazi za ndani. Kwa hiyo akivuka lile geti, masomo ndiyo basi tena.

Mama Pole alimfuata mkuu ofisini. "Nipe mpaka hiyo Jumatatu."

"Jumatatu ndiyo mwisho."

"Ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka."

Jumamosi, Bibi aliloweka blanketi lake, akaliburuta hadi alipokaa golikipa. "Mwenzangu, nishikie huku." Wakasokota. Kimya. Bibi akaazima blanketi la jirani yake, wakakamua, kimya. Akaenda kuazima la tatu, na viganja vimeshaanza kumchubuka. Katikati ya blanketi hilo, golikipa akasema, macho yake kwenye maji yanayochuruzika.

Alichosema nakitoa kwa ruhusa yake. Siku hizi ni mtu mzima, ana familia, na ameniambia, "Simulia mwalimu, jina langu tu liache." Tangu msiba, alikuwa akikojoa kitandani. Kila asubuhi alisubiri wenzake waende darasani, ndipo afue shuka na kulianika nyuma ya tangi la maji, wasije wakamcheka.

Bibi hakujitia kujua. "Mwenzangu, hili limenizidi kimo. Twende kwa Mama Pole, mimi na wewe." Wakaenda na nguo zao zimelowa. Mama Pole akampeleka zahanati, na muuguzi akamweleza kwamba huzuni huweza kumfanya mtu hivyo, wala si aibu, na hupona.

Jumatatu tukaingia ofisini, Mama Pole na mimi. Wakati huo mimi sijui lolote.

"Sababu?" mkuu aliuliza.

"Ipo, na ni ya kweli."

"Itaje."

"Si yangu, mkuu. Siwezi."

"Basi na mimi siwezi. Anaondoka asubuhi hii."

Nikamkanyaga Mama Pole mguu chini ya meza: sema, mama, sentensi moja tu umwokoe mtoto! Akausogeza mguu wake pembeni. "Nikilisema hapa bila idhini yake," alimwambia mkuu, "hakuna mtoto atakayefungua tena mdomo shule hii. Niruhusu nikamuulize."

Golikipa alikuwa nje kwenye benchi, sanduku lake la bati limeshafungwa. Nilisimama mlangoni nikasikia kila neno, na Mama Pole hakumbembeleza hata kidogo.

"Mwanangu, siri ni yako. Nikiitoa mimi, nimekuibia. Ukiishika, unaondoka leo, nami nitakusindikiza hadi getini na sitakulaumu. Ukitaka kuisema, tunaingia wote."

Binti aliinua sanduku lake, akaliweka tena chini. "Bibi naye aje," alisema mwishowe.

Bibi akaitwa. Akaja kwa mwendo wake ule ule, mimi namwomba Mungu amwongezee hatua.

Ofisini, golikipa alisimama kati ya Bibi na Mama Pole, akasema yote akitazama ukuta: mama yake, shuka, tangi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Mkuu alibaki anatafuta pa kuweka macho, na alipopata sauti ilikuwa ndogo kuliko tulivyoizoea.

"Kumbe ulikuwa unafua."

"Ndiyo, mkuu."

Akakohoa. "Huendi popote. Matroni atakupa ufunguo wa bafu la wagonjwa, ufue kabla ya kengele. Haya, nenda darasani."

Hakwenda. Alisimama pale pale, anasokota pindo la sweta.

"Nini tena?"

"Ufunguo mmoja hautoshi, mkuu. Kule nyuma ya tangi tuko wanne."

Mama Pole mwenyewe alikuwa halijui hilo, nilimwona alivyoshika kiti. Mkuu akavuta karatasi. "Nitajie ni kina nani."

Golikipa aligeuza uso kutoka ukutani, akamtazama.

"Nitawauliza kwanza kama wanataka, mkuu," alisema, akatoka kwenda kuwauliza.