Pete ya Mama Ilipogeuka Nyeupe

Juzi nilikamua ndimu kwenye bakuli la maji ya vuguvugu nisafishe hereni zangu, na harufu yake ilipopanda puani nikalazimika kukaa chini. Nadhani nanyi mna harufu za namna hiyo. Yangu ni ndimu na magadi, kwa sababu kuna juma moja nyumba yetu nzima ilinukia hivyo, nami kwa utoto wangu nikadhani tunapambana na uchafu.

Tuliishi nje kidogo ya mji wa Migori, upande wa machimbo ya dhahabu. Baba alichimba huko ujana wake. Punje moja nzuri aliyoipata hakuiuza. Aliipeleka kwa sonara mjini, ikawa pete ya Mama. Baadaye aliacha mashimo akaenda kuvua samaki ziwani, Kisegi, akawa anarudi kila mwisho wa mwezi. Siku alipoondoka mara ya kwanza, alimwambia Mama mbele yangu, "Min Akinyi, machimboni usiende. Hata mambo yawe magumu vipi, usiende." Akinyi ni mimi, na min ni mama kwa Kijaluo. Mama aliitikia. Nilidhani Baba anaogopa midomo ya watu, maana wanawake wa machimboni walisemwa sana.

Kila Jumamosi Mama aliiosha pete ile kwa ajili ya kanisa la kesho yake. Alikaa barazani, miguu ameinyoosha, bakuli pajani: maji ya vuguvugu, povu la sabuni ya kipande, magadi kidogo tu, na mswaki wangu wa zamani ambao nywele zake zilikuwa zimelala. Alisugua zaidi upande wa ndani, ambako jasho na unga wa ugali hujificha. Alikuwa akisema pete inaoshwa kama mtoto mchanga, maji yasimchome na mkono usiwe na haraka. Akishaifuta kwa kipande cha fulana, alinivisha kwenye dole gumba nikaipeleka juani. Sijaona tena njano kama ile.

Kisha samaki wakawa haba. Baba alirudi na mfuko mwepesi, halafu mwepesi zaidi, na Mama akaanza kutoka asubuhi akibeba karai, akisema anaenda kumlimia jirani. Nilikuwa mdogo lakini si mjinga. Jirani gani analimiwa kwa karai? Alikuwa akienda machimboni na rafiki yake, Mama Pamela, kutafuta dhahabu kwenye unga wa mawe yaliyosagwa. Walimwagia unga huo zebaki, yale madini ya majimaji yanayoteleza kama fedha iliyoyeyuka, wakaukanda kwa mikono mitupu hadi zebaki ikashika dhahabu, kisha wakakamua kwa kitambaa. Kabla ya kuanza, Mama alikuwa akiivua pete na kuifunga kwenye pindo la leso. Siku moja alisahau.

Alirudi nayo nyeupe, rangi ya kijiko.

Jioni hiyo aliiosha kama kawaida, na haikubadilika. Kesho yake alikoroga magadi mazito kama uji, akaipaka na kuiacha. Tukajaribu ndimu na chumvi. Tukajaribu majivu yaliyochekechwa, halafu dawa ya meno, na mimi ndiye niliyesugua hadi vidole vikakunjamana. Uweupe ulikaa pale pale. Mama hakuwa mtu wa kulia, ila nilimwona akiitazama ile pete kama mtu anayetazama mtoto mwenye homa.

Ubaya ni kwamba Waya alikuwa ameiona. Waya ni dada yake Baba, nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua wetu, na macho yake hayakuhitaji miwani. Walikutana bombani, watu wamejaa na mitungi.

"Nyar Oyugis," alimwita Mama kwa jina la kwao, "hiyo pete ya ndugu yangu imekuwaje? Umeuza dhahabu umejivisha kifuniko cha sufuria?"

Wanawake wakacheka. Mama angeweza kujitetea kwa neno moja tu, zebaki. Lakini neno hilo lingemfikia Baba kabla hajashuka kwenye gari, naye angejua kwamba ahadi imevunjwa. Kwa hiyo alijitwika mtungi wake, akabaki mwizi machoni pa watu.

"Acha akuje," Waya akasema nyuma yetu. "Jumamosi si anakuja? Atajionea mwenyewe."

Ni Mama Pamela aliyetupa jibu. "Ai, mnamaliza ndimu bure. Hiyo haitoki na sabuni. Hiyo inatoka na moto, zebaki inapaa kama moshi."

Jumamosi mchana Mama aliwasha makaa jikoni, akafunga dirisha na mlango ili Waya asichungulie. Mimi aliniweka nje. "Waya akitokea, imba. Imba kwa nguvu." Haikupita muda akatokea. Nikaimba.

"Unaimbia nani, kuku?"

"Naimba tu, Waya."

"Mama yako yuko wapi?"

"Anaoga."

"Anaoga jikoni?"

Nikaendelea na ubeti wa pili. Waya akasonya, akaenda zake. Mlango ulipofunguliwa, Mama alitoka akikohoa na kucheka kwa pamoja, macho yamejaa machozi, pete imelala kwenye kijiko. Ilikuwa njano! Njano iliyofifia, isiyo na mng'ao, lakini njano. Tukaileta barazani, maji ya vuguvugu, sabuni, magadi, mswaki wangu, na safari hii vitu vyetu vya nyumbani vikafanya kazi yao. Ikang'aa karibu kama zamani.

Baba alifika jua likielekea kuzama. Waya alikuwa ameshajiweka kwenye kiti. "Kabla hujanywa maji," alimwambia, "hebu tazama mkono wa mke wako."

Baba akauchukua mkono wa Mama. Akaigeuza pete mara moja, akaiacha. Kisha akakaa anavitazama vidole vyenyewe, kimoja kimoja, muda mrefu kuliko pete ilivyohitaji.

"Ni dhahabu yangu," akasema. "Dada yangu, nenda nyumbani."

Alikula ameinamisha kichwa, na Jumatatu akarudi Kisegi. Mama akachukua karai lake. Mimi nilirukaruka njia nzima ya shuleni kwa furaha, kwamba tumeshinda, kwamba Baba hajui.

Nilikuwa sekondari mikono ya Mama ilipoanza kutetemeka. Mwanzo alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, halafu kikombe kikawa kinamwaga chai kabla ya kufika mdomoni. Akawa anasahau, hata jina langu likampotea. Daktari mmoja wa Homa Bay aliuliza kazi aliyofanya, nikamwambia, naye akaweka kalamu chini. Tulimzika mwaka uliofuata.

Wageni walipotawanyika nilimkuta Baba nyuma ya nyumba. Alizungumza bila kunitazama. Alinieleza kwamba aliacha mashimo baada ya kumwona mwenzake, kijana mwenye nguvu, akilishwa uji kama mtoto kwa sababu ya zebaki. Ndiyo maana alimkataza Mama.

"Dhahabu iliyotoka motoni ina sura yake," alisema. "Niliijua siku ile ile."

"Mbona hukumwambia aache, Baba?"

"Ningemwambia aache, halafu ningewalisha nini?"

Mama naye alijua kwamba Baba amegundua, nina hakika sasa. Mtu aliyeishi na mchimbaji hawezi kushikwa vidole namna ile asielewe. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa nao jioni ile, nikibana kicheko, nikidhani naangalia mtu anadanganywa. Kumbe nilikuwa naangalia watu wawili wakiagana, na hakuna aliyethubutu kuanza kuachia mkono.