Pikapu ya Kumkomoa Keraryo

Tabitha, yule wanayemwita Mama Sara wa Guta, hakutafuta pikapu kwa kupenda magari. Aliitafuta kwa ajili ya Keraryo, na asiyejua hivyo pale Guta basi ni mgeni aliyeshuka jana. Aliuza mnadani madume ya ng'ombe ya marehemu mumewe, akafunga fedha kiunoni kwa kanga, na kila gari alilooneshwa aliliangalia mara mbili. Kwanza, litavuta tela lililojaa? Pili, Keraryo akiliona linapita mbele ya nyumba yake, roho itamuuma?

Na huyo Keraryo ni nani? Ni mtu aliyekula ugali kwa Mama Sara miaka na miaka. Alichunga ng'ombe pamoja na marehemu Nyamhanga, mume wa Tabitha, tangu utotoni, akamwita Tabitha shemeji, na siku ya mazishi alilia mpaka akashikiliwa. Yeye ndiye alikuwa na pikapu ya kuvuta matela ya pamba kutoka mashambani hadi ghala la chama cha ushirika. Ukitaka pamba yako ifike kwenye mizani, unambembeleza Keraryo.

Msimu mmoja akavuta tela la Mama Sara, limejaa mpaka juu, mama mwenyewe kakaa kileleni kuizuia pamba isipeperuke. Katikati ya njia simu ikalia. Mkulima mkubwa anaita. Keraryo akashuka, akachomoa pini inayoshika tela, akasema, "Shemeji, narudi sasa hivi." Sasa hivi gani hiyo, jamani! Ikashuka mvua isiyo ya msimu, Mama Sara kakumbatia turubai lenye matobo, magari yanampita yanampigia honi. Keraryo alirudi jioni anatafuna muwa.

Angeishia hapo, angesamehewa. Mama Sara anasali, moyo anao. Lakini pale ghalani katibu wa chama, Matiko, alitia mkono kwenye gunia akautoa umelowa. Akauliza imekuwaje. Keraryo akaogopa lawama zisimrudie, akatazama chini, akasema mbele ya watu wote, "Huyu mama anamwagiaga pamba maji, izidi uzito."

Ebo! Mtu uliyempikia!

Tangu siku hiyo magunia ya wengine yanapimwa yanapita, ya Mama Sara yanafunguliwa moja moja, mkono unazamishwa mpaka begani, foleni nzima inatazama. Watoto wa shule wakampa jina, Mama Maji. Walipokuja watu wa Mugango kumposa Sara, kabla hawajagusa hata chai, mzee wao alikohoa akauliza kama yale maneno ya pamba ni ya kweli. Chai ikapoa, wakaaga, na hawakurudi tena. Hapo ndipo Mama Sara alipoapa. Atanunua gari lake, atachukua kila tela la Guta mpaka Keraryo abaki anavuta kivuli chake, na jina lake atalisafisha mbele ya mizani ileile, hata kama ni kwa meno.

Alianzia Musoma mjini. Wakamuonesha pikapu nyeupe, ndefu, inang'aa, viti vya ngozi. Roho yake ikaruka. Kichwani alishamuona Keraryo anaiangalia hiyo anameza mate. Ila akawaomba vijana wa pale wapande nyuma. Gari likakaa chini kama kuku anayetaga.

"Mama, hii ni ya kutembelea," muuzaji akasema.

"Mimi sitembei, baba. Mimi navuta."

Akaenda Buswahili, upande wa Butiama, kwa mzee mmoja anaitwa Stanislausi. Huyo alikuwa na Landkruza ya dizeli ambayo rangi ilishakimbia zamani, huwezi kusema ilikuwa kijani au buluu. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani, na ndani kulinuka mihogo iliyovundikwa. Mzee akageuza ufunguo mara moja tu, injini ikakubali, moshi kidogo ukatoka ukaisha. Mama Sara akachungulia uvunguni. Chesesi haikuwa na kiraka, springi za nyuma nene, nzima. Pale pale akili yake ilimwambia hili ndilo gari.

Ila akili hakuiuliza. Aliiuliza hasira, na hasira ikamwambia, umkomoe Keraryo na hiki kibanda cha kuku? Si atacheka mpaka adondoke?

"Nitakupigia, mzee," akasema.

"Piga tu. Nipo, na lenyewe lipo," akajibu Stanislausi, akaendelea kupakia mihogo yake.

Ndipo akaangukia kwa Evance, dalali wa Bunda, kijana wa maneno matamu. Evance alikuwa na pikapu nyekundu, rangi mbichi hata harufu haijaisha, matairi yamepakwa mafuta. Mwenye gari, eti, ni padri mmoja aliyehamishwa. Padri! Hata mbingu hawaziogopi.

Sasa huku kwetu gari la kuvuta halinunuliwi kwa macho. Unaleta tela lako, unalijaza, dalali anapandisha nalo mlima wa Balili wewe ukiwa juu ya mzigo. Likifika juu, mnaongea. Likifia njiani, hasara ni ya mwenye gari, na mnunuzi anajikung'uta vumbi anaenda zake. Mama Sara akaleta tela. Na mtu wa Guta ukimwambia ajaze tela, atajaza nini? Pamba! Akaijaza ikawa mlima, wapita njia wakashangaa, na hakuna aliyekumbuka, hata yeye mwenyewe aliyeipalilia hiyo pamba, kwamba tela la pamba ni kubwa kwa macho tu, uzito halina. Pikapu nyekundu ikapanda Balili inaimba. Mama Sara huko juu akaanza kupanga atakavyopita kwa Keraryo, taratibu, kioo kimeshushwa.

Wakati wa kushuka ndio akainamisha macho, akaiona kulabu ya kuvutia tela. Haikuwa katikati. Ilichomelewa kushoto.

Moyo ukapiga pa! Hiyo kulabu anaijua. Ile ya katikati ilikatika zamani, na aliyechomelea hii alikuwa Nyamhanga, mumewe, uani kwake, bure, kwa ajili ya rafiki yake. Aliiweka kushoto kwa sababu chuma cha kulia kilikuwa kimeliwa na kutu. Tangu hapo matela ya Guta yalitembea upande, na Mama Sara alikaa juu ya pamba misimu mingi akiitazama. Wamebadilisha rangi, wamebadilisha viti, kulabu wameisahau. Keraryo anamuuzia mkweche wake! Amemvua jina, sasa anataka na ng'ombe wa marehemu.

Machozi yalimtoka, nisikudanganye. Kisha yakakauka, na kilichobaki machoni, Evance angekiona angetoroka.

"Nimeipenda," akasema alipoteremka, akaipiga kofi la mapenzi mlangoni. "Kesho tunamalizana. Ila naomba niijaribu tena na mzigo mwingine kidogo."

"Hata mizigo kumi, mama yangu!"

Kesho yake tela lilikuwa limejazwa mchanga. Mchanga wa ziwani Guta, mbichi, unachuruzika, vibarua wameushindilia kwa miguu. Evance akauona akanywea.

"Mama, mchanga tena?"

"Si ulisema mizigo kumi? Huu ni mmoja tu. Au padri amekataza?"

Angekataa, angejulikana. Akapanda. Mama Sara akakaa juu ya mchanga, kanga kajifunga vizuri, tayari kama mtu anayesubiri ibada ianze. Pikapu ikaushika mlima kwa gia ya kwanza. Ikaguna. Ikatoa moshi mweusi, halafu mweupe, mwingi, wa maji kuingia kwenye injini. "Twende!" Mama Sara akapiga kelele. "Ongeza mafuta, kijana, twende!" Na Evance, kwa hofu ya kurudi nyuma na mzigo ule, akaongeza. Katikati ya mlima injini ikagonga, ikagonga tena, ikanyamaza. Vibarua wakaruka kuweka mawe nyuma ya matairi.

Gari limeziba upande mzima wa barabara kuu, malori yanapiga honi, na askari wa usalama barabarani hawako mbali. Evance akapiga simu huku amegeuka pembeni. Mama Sara hakushuka. Alitaka kuona padri atakavyokuja.

Padri alikuja na bodaboda, kavaa kofia mpaka puani. Alipoinua uso akamkuta Mama Sara amekaa juu ya mchanga anamtazama.

"Ah... shemeji."

"Shikamoo, padri," akasema Mama Sara.

Vibarua walicheka mpaka wakashika magoti. Evance akapanda bodaboda ileile akapotea, wala hakuaga. Keraryo akabaki na gari lililokufa, barabara imeziba, hana hata pa kuanzia.

Mama Sara akampigia mzee Stanislausi. Bahati, alikuwa Kiabakari kapeleka mihogo, akafika mapema. Akaliangalia tela, akaiangalia pikapu, akauliza, "Nivute kipi?"

"Vyote, mzee. Si nilikuambia nitakupigia? Leo nataka kulijaribu gari lako. Mzigo ndio huu."

Wakaunganisha kwa bomba la chuma badala ya kamba. Keraryo akataka kupanda mbele pamoja nao.

"Wapi?" Mama Sara akasema. "Gari bovu halijiongozi. Kaa kwenye usukani wako, shemeji. Nakuvuta bure mpaka nyumbani, sisi si ni ndugu?"

Mama Sara leseni anayo, aliisomea hapo Bunda, akashika usukani mwenyewe. Ilibidi kuumaliza mlima kwanza, maana pa kugeuzia ni juu. Akaweka gia nzito, akaachia klachi polepole, na lile dude lisilo na rangi likainama kidogo, likaondoka. Pikapu, tela, mchanga, Keraryo, vyote nyuma. Halikutetereka. Kule juu Keraryo alipewa koleo akaupakua mchanga wote peke yake, Mama Sara anamwonesha mahali alipobakiza.

Wakashuka Bunda, wakaishika njia ya Guta. Simu ya Mama Sara ikalia. Ni Keraryo, anapiga kutoka huko nyuma alikofungwa.

"Shemeji, nakuomba. Usipite ghalani. Pitia njia ya mashambani, tafadhali, leo ni siku ya kupima."

"Najua ni siku ya kupima," akasema Mama Sara, akakata.

Nauliza, wewe ungepita wapi? Alipita ghalani, tena taratibu, kioo kimeshushwa. Foleni yote ikasimama. Wengine walipanda juu ya magunia waone vizuri. Akaenda mpaka mbele ya mizani akasimama, akashuka, akamwita katibu Matiko.

"Katibu, nimeleta mzigo. Njoo ukague kama unavyonikaguaga mimi."

Matiko akasogea, hajui acheke au aogope. Mama Sara akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua juu. Kilikuwa kimejaa uji mweupe, oili imechanganyika na maji. Akaeleza yote kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni: hii ni pikapu ya Keraryo, imepakwa rangi, imepewa padri wa uongo, ikaletwa kwangu mimi mjane wa rafiki yake. Mtu akapiga mluzi. Keraryo kashika usukani kwa mikono miwili, hashuki, haangalii kulia wala kushoto.

"Sasa sema," Mama Sara akamwambia. "Pamba yangu ililowa na nini? Sema hapa. Ukikaa kimya nachomoa pini, nakuacha mbele ya mizani."

"Shemeji, tuongee nyumbani..."

"Nyumbani ndiko ulikonitukania? Sema!"

Mwanamke mmoja kwenye foleni, Bhoke, akasema, "Sema, baba, tuna kazi." Keraryo akasema kwa chini. Wakamwambia paza. Akapaza.

"Ilikuwa mvua. Mimi nilimwacha njiani. Maji hakuyamwaga yeye."

Matiko akavua kofia. Na Mama Sara alisikia kifua kinafunguka, akavuta pumzi mpaka chini kabisa. Wako wanaosema mtu akilipiza kisasi anabakiaga na uchungu. Waongo! Alisikia raha, raha tupu, na angeweza kuisikiliza sauti ile ya Keraryo mpaka jua lizame.

"Asante, shemeji," akasema.

Halafu akazunguka nyuma ya Landkruza, akainama, akachomoa pini.

"Tabitha! Si nimesema? Si nimeshasema!"

Mama Sara aliwaita vibarua wa pale ghalani, wakalitoa tela lake kwenye ile pikapu, wakalivuta kwa mikono mpaka kwa Landkruza, wakalifunga. Keraryo alibaki pale na gari lake lililokufa, foleni ikimzunguka kushoto na kulia kuifikia mizani, kila anayepita akimsalimia kwa heshima kubwa, "Shikamoo, padri."

Mama Sara akafungua kanga kiunoni, akamkabidhi mzee Stanislausi kile kifurushi.

"Hili nalichukua," akasema. "Ila mlango utanitengenezea."