Kopo la Mng'aro

Kuna watu ambao mkono ukikosa kitambaa unawasha. Mmoja wao ni bwana ambaye mtaa mzima ulimwita Mng'aro, hata mkewe. Kwa miaka ishirini na minane kazi yake ilikuwa kusugua shaba kwenye jengo moja la ofisi: vitasa, kengele ya mapokezi, na kibao cha mlangoni alichokisugua mpaka herufi zikaanza kufutika. Alipostaafu akahamia nyumbani, na vijiko vya watu vikakiona cha mtema kuni.

Lakini kipenzi chake hasa kilikuwa kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu. Si za kale, la. Ni hizi hizi za kununulia kiberiti, alizokuwa akiziweka kando kila zikitoka mpya. Mkewe, fundi wa mapazia, alikuwa na hamu ya mota ya cherehani, maana magoti yamechoka kukanyaga.

"Mng'aro, hizo hela si zingetosha walau nusu ya mota?"

"Mama watoto, usiziite hela. Hiyo ni historia."

"Historia hainishonei."

Wakabishana wee, mwisho wakaafikiana. Kopo lipelekwe kwa mnunuzi wa sarafu, yule mwenye kijiduka nyuma ya fundi saa. Akitokea kutoa bei ya maana kwa sarafu hata moja, inunuliwe mota na kopo libaki. Asipotoa, kopo zima liende likatumiwe sokoni, na Mng'aro asikusanye tena hata kifungo.

Mng'aro hakuwa na wasiwasi. Tegemeo lake lilikuwa sarafu za mwaka mmoja, alizopewa benki siku ya mshahara zikiwa mpya kabisa. Alisikia za mwaka ule zilitengenezwa chache kabla sura ya sarafu hiyo haijabadilishwa. Aliweka saba, siku hizi anaziona nne. Zile tatu aliwasingizia panya.

"Panya wanakula chuma, baba?" wanawe walimuuliza siku alipozikosa.

"Wa nyumba hii wanakula," alijibu. Mama yao aliendelea kushona, uzi mdomoni.

Asubuhi ya safari Mng'aro akazitazama zile nne. Zimefifia, zimeingia wekundu kidogo. Sasa mgeni wa heshima unampeleka kwa watu hajanawa uso? Akatoa dawa yake ya shaba, kitambaa na mswaki mkuukuu. Alipomaliza, zilikuwa zinawaka kama taa.

Mnunuzi akaweka lenzi jichoni. Akatazama ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne. Akavua lenzi.

"Mzee, hizi kazisugua nani?"

"Mimi mwenyewe!" Mng'aro akatanua kifua.

"Pole sana."

Kifua kikarudi mahali pake.

"Mwaka ni wenyewe, mzee," mnunuzi akamwambia taratibu. "Zilitoka chache, na wakusanyaji wanazigombania. Hizo nyingine za koponi ziko mamilioni, hata uzivishe taji hakuna anayezitafuta. Ila uchache peke yake hautoshi. Mtu anataka sarafu na sura yake ya kiwandani. Ule wekundu ulioufuta ulikuwa rangi yake halali. Ona hii mikwaruzo, kama amepita paka. Hii sasa ni ya kununulia kiberiti."

"Lakini inang'aa!"

"Ndiyo shida yenyewe."

Mkewe, aliyekuja kama shahidi, akauliza, "Na isingesuguliwa?"

"Mbili tu zingekutolea mota, mama."

Njia nzima Mng'aro alisubiri asimangwe. Mkewe alitembea tu, akitazama mapazia ya watu madirishani.

"Sema basi! Nicheke!"

Walipofika, mkewe aliingia sebuleni, akainua pindo la pazia kubwa, lile ambalo halijafuliwa hata siku moja kwa kuogopa lisipauke, akalifumua kwa wembe. Zikadondoka sarafu tatu, kila moja imeviringishwa kwenye kipande cha pamba.

"Panya," akasema.

"Wewe!"

"Pazia lilikuwa linapepea kama shati la mlevi. Nilitafuta kitu kizito cha kulishusha."

Mng'aro akachutama. Zilikuwa vilevile kama siku ile benki. Mkono wake, bila kuulizwa, ukaanza kuingia mfukoni kwenye kitambaa.

"Thubutu!"

Ukatoka.

Mnunuzi alichukua zote tatu, na mota ikafungwa wiki ileile. Kopo likabaki kabatini, kama walivyoafikiana. Tatizo likawa pazia, limeanza tena kupepea. Mng'aro akaleta tatu katika zile nne za kwake, akazipanga mezani.

"Zishonee humo. Ila upande wenye picha utazame nje."

"Ndani ya pindo? Nani ataziona?"

"Mimi nitajua zinatazama wapi."

Mkewe akacheka mpaka akaegemea mota. Kisha akasubiri, sindano mkononi, mumewe azipitishie kitambaa mara ya mwisho.